Mwanga Uliobaki Chepseon

Barabara ya Nakuru kwenda Kisumu hujitenga na ile ya Eldoret pale Mau Summit, ikateremka kuelekea magharibi: Londiani, Kedowa, Chepseon, kisha Kericho. Chepseon haisimuliwi na vitabu vya watalii. Ni soko la kando ya lami, la maduka ya mabati, boda boda zinazosubiri abiria, viazi na kabeji na mahindi, maziwa, na vishamba vya chai vya wakulima wadogo vilivyojibanza kati ya hivyo vyote. Wasafiri wengi hupita tu, wakiwahi mbele ambako chai ya makampuni imetandazwa kama zulia, mahali mtu anaweza kuegesha gari, kupiga picha moja na kuondoka. Mimi nimechagua kusimama hapa, nyuma kidogo ya zulia, kwa sababu nataka kubishana na picha ile, na hapa ndipo hoja yangu inapoonekana vizuri zaidi.

Picha yenyewe unaijua hata kama hujawahi kufika. Kijani kimejaa fremu nzima, wachumaji wamezama hadi kiunoni, vikapu vi mgongoni, anga ni la samawati, na jua ni la saa nne asubuhi. Imo kwenye kalenda, kwenye pakiti za majani, kwenye kuta za hoteli. Tangu makampuni ya Uingereza yalipofungua mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, taswira ya chai kwa mnunuzi wa mbali haijaenda mbali na hapo. Si picha ya uongo. Wachumaji wapo, na kijani kile kipo kweli. Kasoro yake ni kwamba saa moja ya siku imefanywa iseme kwa niaba ya siku nzima. Dai langu ni kwamba kilichotufikisha hapo si biashara ya matangazo peke yake. Hata mpiga picha mwenye nia njema, aliyekuja kuandika maisha kwa kamera, hujikuta amerudi na picha ileile, na mara nyingi kinachomrudisha ni hofu ya namba moja ndogo kwenye kamera yake: namba ya usikivu wa mwanga, ISO, ile ambayo wapiga picha wetu huitamka “aiso”.

Tuanze na jua lenyewe, maana Chepseon lina tabia zake. Mahali hapa pako kusini mwa ikweta kwa chini ya nusu digrii, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita Somalia. Chepseon iko mbali magharibi mwa mstari huo, hivyo jua lake huchelewa kuliko saa ya ukutani kwa zaidi ya nusu saa. Huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi, na huzama karibu katika dakika zizo hizo za jioni. Likishazama halina kwaheri ndefu: kwenye ikweta jua hushuka karibu wima, na mwanga wa machweo unaotosha kutambua uso wa mtu hudumu kama dakika ishirini. Lililo kubwa zaidi ni wingu. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima hii mchana, na kufikia saa nane au saa tisa anga hufunga, mvua ikaja, mara nyingi mvua ya mawe ambayo Kericho inajulikana nayo duniani. Kwa hiyo siku ya hapa imegawanyika vibaya kwa mwenye kamera: asubuhi ya mwanga, alasiri ya kiza.

Sasa iweke kazi juu ya mgawanyiko huo. Kuchuma huanza mapema, umande ukingali juu ya majani, wengine wakiwa wamejifunga maturubai ya plastiki kiunoni. Alasiri majani hubebwa hadi kituo cha kupimia, hapo hapo wingu linapofunga. Kisha ni kungoja lori, na lori la barabara za udongo wakati wa mvua halina saa. Jani haliwezi kulala hapo, maana likirundikwa huanza kuchacha. Lazima lifike kiwandani, linyaushwe kwa saa nyingi kabla ya kusagwa, kukatwa na kuviringwa, na ndiyo maana mitambo huunguruma usiku kucha na zamu ya usiku ni zamu kamili. Yaani sehemu ya siku ambayo chai inageuka kuwa pesa, pale kilo zinapoandikwa na pale jani linapokuwa bidhaa, karibu yote iko upande wa kiza. Upande wa mwanga tumeachiwa kuchuma peke yake. Kalenda imechagua upande.

Twende kwenye hesabu, kwa kuwa bila hesabu hoja hii inabaki malalamiko. Kanuni ya zamani inasema kwamba jua likiwa kali, tundu la lenzi liwekwe f/16 na shata ifunguke kwa sehemu ya sekunde inayolingana na namba ya ISO: ISO 100, shata 1/100. Fungua tundu hadi f/5.6 na umepata stopu tatu, yaani umeuongeza mwanga mara mbili, kisha mara mbili, kisha mara mbili tena. Shata sasa inaweza kukimbia hadi 1/800. Hiyo ndiyo kasi inayofaa mikono ya mchuma chai aliyezoea. Majani mawili na chipukizi hukatika kwa mkono wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja, na shata ikishuka chini ya 1/500 vidole vinaanza kugeuka moshi. Wingu la saa tisa likifunga, mwanga hupungua kwa stopu tatu hivi, na ili ubaki na 1/800 ileile lazima ISO ipande hadi 800. Karibu na magharibi toa tatu nyingine: ISO 6400. Ukiingia kwenye banda la kupimia lenye balbu moja, mwanga unaweza kuwa umepungua kwa stopu sita zaidi, yaani umebaki sehemu moja kati ya 4,000 na ushei ya ule wa jua kali. Hapo hata ukifungua tundu hadi f/2 na kuiteremsha shata hadi 1/100, bado ISO 6400 inakungoja palepale. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa asivuke 800, au 1600 kwa shingo upande, amefundishwa bila kuambiwa kwamba kazi yake inakwisha saa tisa alasiri.

Mafundisho hayo yana asili, na asili yake ni filamu. Wakati wa filamu, usikivu ulikuwa mali ya kemikali: chembe za fedha zilizo kubwa zaidi hunasa mwanga kwa urahisi zaidi, na huonekana zaidi pia. Kodachrome ya mwaka 1935 ilikuwa na usikivu wa karibu 10 kwa namba za leo. Filamu ya rangi kama hiyo ilikuwa mtoto wa jua tu, na banda la jioni halikuwemo katika ndoto zake. Lakini hata enzi hizo namba haikuwa takatifu kama tunavyodhani. Mwaka 1960 Wamarekani walibadilisha kanuni ya kupimia usikivu wa filamu za nyeusi na nyeupe, wakaondoa ziada ya usalama iliyokuwa imewekwa, na filamu ya Tri-X iliyokuwa ikiitwa 200 ikawa 400 bila kemikali yake kuguswa. Mwaka 1974 vipimo vya Marekani na vya Ujerumani viliunganishwa chini ya jina la ISO, ambalo ni la shirika la kimataifa la viwango na wala si la kitu kilichomo ndani ya kamera. Kamera za dijitali zilipata kiwango chao mwaka 1998, na marekebisho ya mwaka 2006 yakaruhusu njia ambayo mtengenezaji mwenyewe anapendekeza namba anayoiona inafaa. Namba ni mapatano, basi. Mtu anayeiogopa 3200 anaogopa makubaliano ya kamati.

Ndani ya kamera ya leo kuna jambo ambalo hata walimu wengi hulisema kinyume. Kupandisha ISO hakukifanyi kihisi kinase mwanga zaidi. Kihisi kimenasa kilichonaswa. Kilichoamua kiasi ni mwanga wenyewe, tundu la lenzi na muda wa shata. ISO hukuza tu ishara ile baada ya kunaswa, kama mtu anayeongeza sauti ya redio inayoshika stesheni ya mbali: tangazo linasikika, na mkwaruzo nao unasikika. Mkwaruzo haukuletwa na kitufe cha sauti. Ulikuwepo, kwa kuwa stesheni iko mbali. Mwanga hufika kwa punje, nao haufiki kwa mpangilio; kama punje 10,000 zimeangukia kidoa kimoja cha kihisi, mabadiliko ya kawaida ni karibu 100, asilimia moja, na jicho halioni. Zikianguka 100 tu, mabadiliko ni karibu 10, asilimia kumi, na hapo ngozi ya shavu na ukuta wa mabati huanza kuwa na chembechembe. Umaskini wa mwanga ndio unaozaa chembechembe, na kwa hiyo kuikataa ISO ya juu bila kuongeza mwanga ni sawa na kumnyamazisha mleta habari.

Anayekataa anaishia wapi? Kuna njia mbili tu. Ama picha inakuwa giza, ama shata inalazimishwa kubaki wazi muda mrefu, na hapo kila kinachosogea kinafutika. Watu wengi huweka chembechembe na ukungu wa mtikisiko katika kapu moja, wakisema zote ni kasoro. Mimi naona hilo ndilo kosa kubwa zaidi katika jambo hili lote. Chembechembe hufunika habari kama vumbi juu ya kioo: nyuma yake kidole bado ni kidole, na tarakimu ya nane haijawa sifuri. Mtikisiko hauachi kitu nyuma. Picha ya 6400 ya kitabu cha karani anayeandika kilo inaweza kuchukiza macho lakini ikasomeka. Picha ya 400 ya kitabu kilekile, iliyochukuliwa kwa nusu sekunde mkononi, ni laini kama siagi na haina neno hata moja. Kwa picha ya ukutani unaweza kubishana nami. Kwa picha inayodai kuwa ushahidi, sioni ubishi unatokea wapi.

Na ushahidi wa eneo hili umekwisha kutuonyesha. Februari 2023 BBC ilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba ya chai ya Kericho, sehemu yake ikiwa imerekodiwa kwa kamera ya siri. Picha za kamera kama hizo haziwezi kushinda tuzo ya urembo: kihisi chake ni kidogo kuliko ukucha na pembe yake si ya kuchagua. Bunge la Kenya liliagiza uchunguzi. Chembechembe hazikuwa hoja. Nyuma zaidi, mwaka 1984, Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa Nairobi, alipiga picha za njaa ya Ethiopia kule Korem, na taarifa iliyorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba inaanza alfajiri, watu wakiwa ndani ya baridi na moshi, jua likianza tu kuchomoza. Mpiga picha wa shule ya “ngoja jua lipande” angepata saa nne ya Korem. Dunia ilisimama kwa ajili ya alfajiri yake.

Kuna sababu nyingine inayofanya mikono ya alasiri isiweze kungoja. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchumia chai huko Kericho, na chini ya hasira ile kulikuwa na hesabu ya kila kaya: mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Upande wowote uuchukue katika mzozo huo, ujuzi wa kuchuma kwa mkono unabadilika mbele ya macho yetu. Picha za mashine zikiwaka tunazo, kwa sababu moto hujimulikia wenyewe. Picha za mkono ukichuma chini ya wingu zito, kwa kasi yake halisi na bila kuombwa usimame, ni haba.

Ukungu wa asubuhi nao una mtego wake, na unawakamata zaidi wale wanaoamini kwamba kamera ikiachiwa ijichagulie ISO mambo yamekwisha. Kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kudhani kwamba eneo lote, likichanganywa, ni kijivu cha kati. Kipe mchumaji mwenye ngozi nyeusi aliyesimama mbele ya ukungu mweupe wa Mau, nacho kitaona weupe mwingi, kitahukumu kwamba mwanga umezidi, kitateremsha ISO ili ukungu uwe kijivu, na uso wa mtu utazama. Kamera imejivunia namba ndogo, picha haina chembechembe, na mtu hayumo. Dawa yake ni kuiambia iongeze stopu moja, moja na nusu, kinyume na ushauri wake yenyewe. Msomaji anaweza kudhani hili ni jambo la ufundi mtupu. Lakini tunajua kwamba kwa miongo mingi maabara za Kodak zililinganisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na tunajua pia kwamba kamera ya Polaroid iliyotumiwa kutengeneza pasi za Waafrika wa Afrika Kusini ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha vuguvugu la kupinga biashara hiyo, na mwaka 1977 Polaroid ikajiondoa nchini humo. Kwa hiyo kuna historia ya vifaa kuamua kabla yetu ni ngozi ipi ndiyo “ya kawaida”, na mpangilio wa kujiamulia ndipo historia hiyo inapoendelea kufanya kazi kimyakimya. Hivyo nakataa kusema “iache kamera iamue” kama jibu. Kamera ilishaamua, kiwandani.

Wapo watakaosema: mbona flashi ipo? Ipo, nami sina ugomvi nayo studio. Katika banda la kupimia flashi hufanya mambo mawili. Huua mwanga wa mahali, ule wa balbu moja na taa za lori, ambao ni sehemu ya habari yenyewe. Ukiuondoa umeondoa saa. Pili, humtangaza mpiga picha kwa kila mtu aliyepo, na kuanzia mweko wa kwanza karani anapima kwa ajili ya kamera. Stendi ya miguu mitatu nayo hutuliza kamera tu. Haitulizi mkono wa mtu mwingine.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa mafundi wenyewe. Wanasema kwamba katika vihisi vingi vya leo, kupiga kwa ISO 400 kisha kuangaza picha baadaye kwenye kompyuta huleta matokeo karibu sawa na kupiga kwa 6400, na tena hulinda sehemu zenye mwanga mkali zisiungue. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na ni kweli pia kwamba kila stopu ya ISO unayoipanda hula sehemu ya uwezo wa kamera kushika kiza na mwanga kwa pamoja: ule mwali wa taa ya lori utaungua, shati jeupe la karani litapoteza mikunjo. Lakini tazama hoja hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba ISO haikuwa adui hata siku moja, na kwamba aliyeokoa picha ni shata ya 1/100, si namba iliyoandikwa kando yake. Mimi bado nachagua kupandisha palepale, kwa sababu ambayo haimo katika vipimo vya maabara: picha iliyopigwa giza ili iangazwe Nairobi haiwezi kuonyeshwa kwa mwenye sura kwenye kioo cha kamera. Yeye huona weusi. Anaombwa ridhaa juu ya kitu asichokiona. Picha ya 6400 anaiona hapohapo, na anaweza kusema hapana.

Simu, je? Karibu kila mtu Chepseon ana kamera mfukoni inayopiga usiku bila kuuliza ISO ni nini, na picha yake ukiitazama kwenye kioo inapendeza kuliko ya mtaalamu. Naikubali hoja hii nusu. Simu hupiga fremu nyingi kwa mfululizo, huzilinganisha, hutupa zilizotikisika na kuzishona zilizobaki, kisha husugua chembechembe hadi ngozi ing'ae. Kwa nyumba, kwa mti, kwa lori lililozimwa, hilo halina ubaya. Kwa mkono unaoweka gunia kwenye mizani, unachopata ni mkono uliotungwa kutoka katika nyakati kadhaa, na tarakimu ambayo programu imeisafisha kwa kukisia. Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba kilo zake ziliandikwa pungufu, picha ambayo sehemu yake imekisiwa ni silaha butu. Chembechembe walau hazidai kuwa zinajua.

Nimeacha mwisho pingamizi ambalo sina jibu kamili kwake. Kiza kina wenyewe. Mtu aliyeketi kwenye kona ya banda jioni anaamini kwamba haonekani, na kwa macho ya binadamu haonekani. Kamera ya leo iliyowekwa 12800 inamwona kuliko jirani yake anavyomwona. Mfanyakazi anayelalamika kwa sauti ya chini kuhusu msimamizi wake amechagua saa na mahali kwa makusudi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaigusa sura ya mtu inayotambulika, lakini sheria hufika baada ya picha. Zaidi ya hapo kuna wale wanaouliza kwa nini Kericho ioneshwe kizani, kana kwamba Afrika haijachoka kuonyeshwa hivyo. Kwa hawa wa pili nina neno: mwanga hafifu si huzuni. Kanisa kuu la Kikatoliki la Kericho, lililofunguliwa mwaka 2015, limepewa na wasanifu wake ufa wa kioo unaofuata uti wa paa kutoka mwanzo hadi mwisho, ili hata siku ya wingu mwanga ushuke juu ya waumini kidogokidogo. Hakuna anayeingia humo akasema amedharauliwa. Kinachodhalilisha ni mtu asiyeonekana uso. Kwa wale wa kwanza, wenye kona yao ya banda, ninachoweza kusema ni kwamba anayeielewa ISO anaweza pia kuiteremsha kwa kusudi, akamwacha mtu awe kivuli chenye umbo na kazi bila jina. Asiyeielewa hana uchaguzi huo. Kwake kivuli ni ajali.

Kwa hiyo anayetoka Nakuru na kamera, na asiye na haraka ya kulifikia zulia, ashuke Chepseon alasiri badala ya asubuhi. Atembee kuelekea vishambani hadi akute mahali ambapo majani yanangoja. Aombe ruhusa kwanza, kwa karani na kwa wenye magunia, kungali na mwanga wa kuonana nyuso. Kisha aweke f/2 na 6400 na asihangaike nazo tena. Kinachobaki kuchaguliwa ni shata, na hapo kuna jambo la mwisho ambalo vitabu havilisemi sana. Kama mizani ni ya tarakimu nyekundu zinazowaka, tarakimu hizo kwa kweli huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni, na taa za umeme wa gridi nazo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/800 inaweza kuikata namba katikati, saba ikawa moja. Kwa 1/100 namba hutoka nzima mara nyingi zaidi, na mkono unaoshusha gunia hutoka na mtikisiko mdogo kwenye ncha za vidole. Apige kadhaa, maana moja itakuwa na namba na nyingine itakuwa na uso. Ikiwa lori limefika na taa zake zimeelekezwa bandani, upande mmoja wa mwenye majani utaungua na mwingine utabaki na chembechembe, na kati ya hizo mbili, kwenye mizani, zitasomeka kilo alizochuma tangu asubuhi.